Kibanio cha Baba Yako

Pruett Hollow, Missouri
28 Februari 1988

Dada yangu Wilda,

Barua yako imefika pamoja na mbegu za maharagwe, nimeziweka juu ya kabati panya wasizione. Huku baridi haijaondoka, barafu imeganda nyuma ya ghala kama deni. Mimi ni mzima, goti tu. Sasa nina jambo la kukuambia, ila lisome ukiwa peke yako, usimpe mumeo Floyd, maana Floyd akijua limejua kanisa zima.

Verlin amekwenda kwa daktari. Ule mkono wake wa kulia uliokuwa ukicheza tangu wakati wa kukata nyasi, tukasema ni uchovu, sio uchovu. Ni ule ugonjwa wa kutetemeka. Daktari anasema hauui haraka na hauponi, amempa vidonge. Verlin alishukuru, akavaa kofia, na tulipofika darajani akasema, "Oleta, usimwambie mtoto."

Unajua kwa nini. Jonell alianza kama mpishi kwenye ile boti yao ya kusukuma matishari mtoni, sasa nahodha anamfundisha kushika usukani, na Juni atafanya mtihani wa urubani. Mwaka ule Verlin alipoanguka kutoka dari ya ghala, mtoto aliacha kazi siku ile ile, akaja kukamua ng'ombe hapa, na nafasi aliyoahidiwa akapewa mwingine. Baba yake hajajisamehe kwa lile. Anasema akisikia habari ya mkono ataacha boti kesho. Na mimi namjua, ataacha.

Lakini hilo silo linaloniuma zaidi. Jana Verlin alichukua kile kigae chake cha kuitia bata mzinga, kile anachokikwaruza kwa kijiti kikalia kama jike, akakiviringisha ndani ya soksi akakitia droo ya chini. Nikasema, unakificha vipi na Aprili inakuja? Akasema, "Mwaka huu nawaachia vijana." Wilda, mwanamume huyu hajakosa msitu wa Aprili tangu anioe. Siku niliyomzaa Jonell alitoka alfajiri, akarudi na dume begani, akaniuliza, "Nimekosa nini?" Akiacha hili, ataacha ghala, halafu ataacha kutoka kitandani. Tulimwona baba yetu.

Kuna bunduki mpya Jonell aliyomletea Krismasi. Haijatoka kwenye sanduku. Nataka nimtayarishie mwenyewe, aikute iko tayari, akose sababu. Sijui lolote kuhusu bunduki ila kwamba zina kelele. Niombee.

Dada yako,
Oleta


Pruett Hollow
6 Machi 1988

Mwanangu mpenzi Jonell,

Nakusalimu kwa upendo wote, na natumaini barua hii inakukuta mkavu. Kila nikisikia redio ikisema mto umejaa nakuona ukining'inia pembeni ya boti. Je, unavaa lile koti la kuelea hata ukiwa jikoni? Usicheke, jibu.

Sisi hatujambo. Ng'ombe mwekundu kazaa ndama mwenye doa jeupe machoni, anaonekana kama amevaa miwani ya mchungaji wetu. Baba yako mzima, ana kazi nyingi sana, ndiyo maana hakupata nafasi ya kuandika ule mstari wake chini ya barua. Anakusalimu.

Nina swali, na ujibu kwangu, si kwake, maana nataka iwe zawadi ya kumshtukiza. Ile bunduki ya Krismasi nimeifungua. Ndani kuna kisanduku chenye vipande vitatu vya bomba, vifupi kama kidole, vina hesi upande mmoja. Karatasi yake inasema ni vya kufungwa mdomoni mwa mtutu, lakini maandishi ni madogo na yanazunguka-zunguka. Kimoja kina mkato mmoja ukingoni, kingine mikato mitatu, kingine minne. Chenye mikato miwili hakimo, nadhani wamekuibia. Sasa kipi ndicho cha bata mzinga? Nataka nikifunge, Aprili ikifika aichukue tu aende.

Nimekutumia soksi za sufu. Zivae.

Mama yako anayekupenda,
Oleta


Boti Lady Corinne, mtoni chini ya mji wa Cairo
15 Machi 1988

Mama yangu mpenzi,

Soksi zimefika na nimezivaa. Koti la kuelea navaa nikitoka nje tu. Jikoni nikizama itakuwa ni kwenye supu yangu mwenyewe. Hapa kila mtu mzima isipokuwa yule baharia Dub, aliyekula vitunguu vibichi kwa kushindana na akashinda.

Hawajaniibia, Mama. Huuzwa vitatu hivyo hivyo. Hivyo ni vibanio. Bunduki ile haitoi risasi moja, inatoa punje nyingi kwa mpigo, kama ukiwarushia kuku konzi ya mahindi, na zikitoka zinaanza kutawanyika. Kibanio kinabana mdomo wa mtutu kama unavyobana mpira wa maji kwa dole gumba ukimwagilia nyanya. Ukibana sana, maji yanakwenda mbali yakiwa membamba. Ukiachia, yanasambaa hapo karibu. Chenye mkato mmoja ndicho kinachobana kuliko vyote, chenye minne ndicho kilicho wazi. Bata mzinga hapigwi mwilini, manyoya yake ni godoro. Anapigwa kichwani, na kichwa chake ni kidogo kuliko ngumi yako. Kwa hiyo watu wengi wanapenda mkato mmoja.

Ila bunduki haziko sawa. Ile ya zamani ya Baba ilikuwa na mdomo wake, huchagui. Hii lazima ijaribiwe. Mwambie Baba abandike karatasi ya kufungia nyama kwenye mlango wa ghala, achore kichwa na shingo ya bata mzinga, asimame kisimani, apige mara moja kwa kila kibanio. Kila karatasi aandike ni ya kibanio kipi, halafu unitumie zote. Nikiziona nitajua. Sasa hivi haiwezi kuwa siri tena, samahani, lakini wewe huwezi kupiga, unafumba macho hata mtu akifungua chupa ya soda.

Na mwambie Baba naudai mstari wangu. Tangu Krismasi hajaandika. Hata kama ni "Mto umepanda, kula vizuri," nautaka. Mistari yake yote nimeibandika ukutani juu ya kitanda changu, na sasa kuna mahali peupe.

Binti yako,
Jonell


Rolla
17 Machi 1988

Oleta,

Nimesoma peke yangu bafuni kama ulivyotaka, na Floyd akagonga mlango akidhani nimezimia.

Nasikitika kwa Verlin. Mpe pole yangu bila kumpa, unavyojua mwenyewe. Lakini wewe hujui kudanganya, tangu tukiwa wadogo. Ulipovunja lile bakuli la Mama uliandika jina langu kwenye vipande. Mwambie mtoto ukweli kabla hujaanza kupamba. Uongo ukishakuwa na mapambo ni vigumu kuushusha.

Wilda


Pruett Hollow
26 Machi 1988

Mwanangu Jonell,

Karatasi zako hizi hapa, nimezikunja taratibu. Baba yako amepiga zote tatu kama ulivyosema, akisimama pale kisimani. Alifurahi sana. Nimeandika mwenyewe nambari kwa sababu mikono yake ilikuwa na mafuta.

Mstari wake atauandika safari ijayo, alikuwa anakimbilia mnada.

Huku majani ya uani yameanza kuwa kijani. Jibu upesi, msimu unafunguliwa tarehe kumi na nane Aprili. Kula mboga.

Mama


Pruett Hollow
26 Machi 1988

Wilda,

Usinikemee. Nimeshafanya.

Verlin alikwenda mnadani kuuza wale mafahali wawili, nikabandika karatasi ghalani. Nilichora kichwa cha bata mzinga kikatoka kama cha mama mkwe, Mungu amrehemu. Nikaweka gunia la unga juu ya ukingo wa kisima, nikaulaza mtutu juu yake usicheze, nikaziba masikio kwa pamba, nikamwomba Mungu, nikavuta. Nilifikiri bega limebaki kisimani. Nikafunga kile kingine, nikapiga tena. Halafu tena. Macho sikufumba, mwambie yeyote atakayekuuliza. Bega langu sasa lina rangi ya zambarau, navaa sweta mpaka jikoni.

Verlin alirudi akaniuliza nani alikuwa akipiga bunduki, jirani kamwambia barabarani. Nikasema ni mimi, kulikuwa na kunguru. Akasema, "Umempata?" Nikasema hapana. Akasema, "Haidhuru, amekwisha kujifunza."

Niambie ningefanyaje. Mtoto anataka karatasi za mkono wa baba yake. Ningemwambia Verlin apige, angepiga, na mtoto angesoma mkono ule kwenye karatasi kama unavyosoma wewe gazeti. Anajua sana huyu, babake alimfundisha vizuri mno.

Oleta


Lady Corinne, Memphis
5 Aprili 1988

Mama na Baba wapenzi,

Karatasi zimenifikia Memphis pamoja na mizigo ya jikoni. Nilizitandaza juu ya meza ya kulia, mabaharia wakasogeza sahani zao, na Nahodha Broussard mwenyewe akaja akainama. Ile ya mikato minne imetawanyika, kichwani zimeingia chache. Ya mitatu ni ya wastani. Lakini ile ya mkato mmoja, Mama, inapendeza kama bati lililotobolewa kwa mashine. Zote zimejaa kichwani na shingoni, kwa umbali ule. Broussard akauliza, "Huyu mzee ana umri gani?" Nikamwambia. Akasema anatamani macho yake na mkono wake.

Nitawaambia jambo ambalo sikutaka kuliandika. Baba alipoacha kuandika mstari wake, niliogopa. Krismasi nilimwona akishika kikombe kwa mikono miwili, nikajiambia ni baridi. Halafu mistari ikakoma. Usiku nikiwa zamu kule juu penye usukani nilikuwa nafikiria mambo ya ovyo. Sasa nimeona karatasi hii na nimelala. Mkono uliopiga hivi hauna kitu. Baba bado ni Baba.

Basi ni mkato mmoja. Baba, kibanio hiki nimekuchagulia mimi, kwa hiyo akianguka dume nusu ni yangu. Mapaja uniwekee kwenye friza mpaka Juni.

Mtihani umepangwa tarehe tatu Juni. Msinionee huruma, mniombee.

Jonell


Pruett Hollow
21 Aprili 1988

Mwanangu Jonell,

Kaa chini kwanza. Kama kuna sufuria motoni, iepue.

Nilimsomea baba yako barua yako, si yote, ile sehemu tu ya kwamba kibanio umemchagulia wewe. Alikuwa ameketi na kahawa yake. Akasimama, akaenda droo ya chini, akatoa kigae chake ndani ya soksi. Jumatatu alfajiri msimu ulipofunguliwa nilimfungia kitambaa cha kijani usoni ndege wasimwone, nikampa mkate wa mahindi na nyama ya nguruwe, akashuka kuelekea kijito. Nilisimama barazani mpaka mwanga ukaja. Nilikuwa na furaha kama mtu aliyeiba kitu na hakukamatwa.

Nikasikia bunduki mara moja. Nikaweka maji ya kunyonyolea motoni.

Alirudi mikono mitupu. Aliketi kwenye ngazi, akaniambia yote kwa utaratibu kama anaeleza habari za mtu mwingine. Dume lilikuwa likipiga kelele mlima wa pili. Akakwaruza kigae, na mkono wake ukawa unatetemeka juu yake, na kile kigae kikatoa sauti laini ya jike anayenung'unika kwa raha, sauti aliyoitafuta miaka yote asiipate sawasawa. Alisema, "Oleta, kilikuwa kinalia chenyewe. Kazi yangu ilikuwa kukishika tu." Dume likaja mbio, likaja mpaka karibu, kama kutoka jiko letu mpaka mlango wa mbele, likanyosha shingo. Akapiga, akakosa. Alinionyesha kwa ngumi ukubwa wa tundu kwenye shina la mwaloni kando ya lile dume. Kisha akaisafisha bunduki, akaitia chini ya kitanda, akaniambia, "Mwandikie Jonell bunduki ni nzuri." Tangu siku hiyo hajashuka mpaka kijitoni hata kutazama uzio.

Umesoma neno kutetemeka. Ndiyo, mwanangu. Ni mkono wa kulia, tangu mwaka jana. Daktari ameupa jina. Hataondoka kesho wala mwaka huu, lakini mkono hautatulia. Alinikataza nisikuambie kwa sababu ya mtihani wako. Na mimi nilikubali kwa sababu nilitaka uwe rubani na nilitaka yeye aende msituni, nikadhani mambo mawili hayo nitayabeba kwa mikono yangu miwili.

Na zile karatasi nilizipiga mimi. Bunduki ililala juu ya gunia la unga kisimani. Baba yako alikuwa mnadani, nikamwambia nilikuwa napiga kunguru. Ulipoandika kwamba umelala, nilitaka kuikimbilia ile barua yangu barabarani niirudishe. Umelala kwa ajili ya gunia la unga.

Sikuombi urudi. Nakuomba uniambie la kufanya. Nikemee vyovyote unavyotaka, ila usimkemee yeye.

Mama yako,
Oleta


Lady Corinne, Greenville
27 Aprili 1988

Mama,

Sikuepua sufuria. Viazi vimeungua na wanaume wanane wamekula mkate mkavu, hakuna aliyethubutu kuuliza.

Nilifunga begi. Nilikwenda kwa Broussard nikamwambia nishushe Greenville. Akaniuliza, "Nani amefariki?" Nikasema hakuna. "Baba yako anataka uende?" Nikasema hataki, ndiyo maana alinificha. Akawasha sigara. "Basi una wazazi wawili wakaidi na mtihani mmoja. Ukishuka hapa, mzee atajua amekushusha mara ya pili." Nikamwita jina baya. Akasema kalisikia, na zamu yangu inaanza saa sita.

Nimekasirika na wewe. Nimekasirika kisha nakuona umeziba masikio kwa pamba ukikumbatia ile bunduki, nacheka, halafu nakasirika kwamba umenichekesha. Bega lako lilipona? Ningejua. Mama, ningeweza kujua. Karatasi zote tatu zimepigwa mahali pale pale, hakuna binadamu apigaye hivyo akiwa amesimama. Nilitaka tu iwe kweli.

Sasa nisikilize, na hili mwambie Baba kwa maneno haya haya. Hukukosa kwa mkono peke yake. Ulikosa kwa kibanio, na kibanio nilikichagua mimi. Nilimchagulia mtu anayepiga kutoka kisimani mpaka ghalani. Mkato mmoja ukiwa mbali ni mzuri, lakini karibu vile punje hazijapata nafasi ya kutawanyika, zinakwenda zote pamoja kama ngumi. Ukikosa kwa upana wa kidole, umekosa kwa punje zote. Hata mimi ningekosa, na mkono wangu umetulia. Nilimwomba Mama karatasi za mbali tu. Sikuuliza bata mzinga wanamjia baba yangu karibu kiasi gani.

Fungeni kile cha mikato minne, kile nilichokidharau. Bandikeni karatasi nyingine, safari hii simameni karibu, pale kwenye mti wa maua meupe, na apige Baba mwenyewe. Kateni tawi lenye panda, lichomekwe ardhini mbele yake, mtutu ukae juu ya panda. Na asipige dume likiwa mbali, hata likicheza ngoma. Aliache lije. Kama kigae kinalia hivyo, litakuja.

Sitashuka. Nitafanya mtihani, halafu nitakuja Juni nikae mapumziko yangu yote, na mtakuwa mmechoka kuniona. Lakini nina sharti. Nautaka mstari wangu. Upinde, uanguke, uandikwe kwa mkono wa kushoto, usisomeke, sijali. Pale ukutani peupe pananitazama. Nilichokuwa nakiogopa kimeshafika, Mama, hakuna tena cha kunificha.

Jonell


Pruett Hollow
9 Mei 1988

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nilimpa mkononi, nikatoka kwenda kulisha kuku ambao walikuwa wamekwisha kula. Alikaa nayo muda mrefu. Niliporudi akasema, "Kwa hiyo amejua." Nikasema amejua. "Na hajashuka kwenye boti." Nikasema hajashuka. Akaikunja, akasema, "Tafuta hicho cha mikato minne basi, usinitumbulie macho."

Tulibandika karatasi. Alichora kichwa yeye mwenyewe, mstari ukaenda kama njia ya nyoka, akakitazama akasema hata hivyo ni kizuri kuliko changu. Akasimama kwenye mti wa maua meupe, mtutu juu ya panda, ukawa unacheza huku na huku, akavuta. Jonell, punje zilijaa kama ufuta juu ya mkate, upana wa sinia, na kichwa kiko katikati yake. Akaenda akapapasa karatasi kwa vidole. Akasema, "Hiki kibanio ni cha wazee." Nikamwambia, "Ni cha mtu ambaye bata wanamjia karibu." Akapiga ya pili bila kuambiwa.

Alitaka kwenda peke yake. Nikasema sitaki kusikia. Akasema, "Wewe huwezi kukaa kimya." Nikamwambia nimekaa kimya tangu Februari. Akanitupia kitambaa cha uso.

Jana ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Kanisani watanisamehe. Tuliketi chini ya mwaloni ule wenye tundu la ngumi, yeye anaegemea shina, mimi kushoto kwake, nimefungwa kitambaa mpaka puani kama mwizi wa benki. Kupe wametembea juu yangu, sikusema. Mguu umekufa ganzi, sikusema. Madume yalikuwa kimya kabisa. Jua likapanda, nikaanza kufikiri ni bure, tena nikafikiri kama ni bure basi nitasema nini njiani kurudi.

Akatoa kigae. Nilitazama mkono wake. Nyumbani nimezoea kuutazama pembeni, asijue natazama, ukimwaga kahawa, ukihangaika na kifungo. Pale niliutazama wazi. Uliweka kijiti juu ya kigae na ukaanza, na sauti ikatoka, laini, inanung'unika, sijui nikuambieje. Ni sauti ya kitu kilichoshiba kwenye jua. Nimemsikia mwanamume huyo akifanya mazoezi jikoni kwangu tangu nikiwa bibi harusi, nikiziba masikio kwa pamba, na sijawahi kuisikia ile.

Dume lilikuja bila kulia hata mara moja. Ghafla liko pale, jekundu kichwani, linang'aa kama mafuta juu ya maji. Likaja, likaja tena. Nilisema moyoni, piga sasa, Verlin, kwa jina la Mungu. Hakupiga. Mtutu ulikuwa unacheza juu ya panda na yeye anasubiri, anapumua taratibu. Likasogea mpaka nikaona ndevu zake za kifuani zikiburutika juu ya majani. Likanyosha shingo.

Lilianguka pale pale. Halikupiga bawa zaidi ya mara mbili.

Baba yako hakuinuka. Aliweka bunduki chini, akauweka ule mkono juu ya goti langu, ukawa unatetemeka pale, nikauacha utetemeke, sikuushika kuutuliza. Akasema, "Nimekosa nini?" Nikamwambia, "Hujakosa kitu."

Tulilipeleka kituo cha kupimia mawindo kabla ya saa saba, kama sheria inavyotaka. Yule kijana wa pale akauliza limepigwa kwa kibanio kipi, akasema yeye mwenyewe anatumia kinachobana kuliko vyote. Baba yako akamwambia, "Utakua." Mapaja yako yamo ndani ya friza.

Chakula cha mchana alikula vizuri, nikamkatia pai mara mbili. Leo asubuhi nilipoanza barua hii alivuta kiti akaketi mkabala nami, akasema nimwachie nafasi chini, nisijaze ukurasa kama kawaida yangu. Kwa hiyo naishia hapa ingawa nina mengi, kuhusu ndama, na kuhusu lile koti la kuelea.

Mama yako anayekupenda,
Oleta

*Jonell. Mstari huu umekula asubuhi yote usiucheke. Mto umepanda kula vizuri. Mama yako anapiga bunduki kuliko sisi wote ila kunguru wake sijamwona mpaka leo. Njoo Juni rubani. Baba*